Sufuria moja, walaji watano: kupika nyumba yenye sukari, presha, mjamzito na mtoto bila kujiua jikoni

Haya, naandika mara moja iishe, maana kila Jumapili nikitoka kanisani kuna mtu ananishika mkono. "Dada, mama mkwe kaambiwa ana sukari, nampikia nini?" Mwingine, "baba presha imepanda hatakiwi chumvi, watoto nao bila chumvi hawali, sasa mi nipike sufuria ngapi?" Jibu langu ni lile lile. Pika sufuria moja. Kinachobadilika ni lini unaweka nini, na nani unamtolea chake kabla hujakiweka hicho kitu.

Kwangu hapa Uyole, Mbeya, tunakula watano. Mama mkwe ana sukari na presha, mume wangu ana vidonda vya tumbo, mdogo wangu ana mimba ya miezi sita na damu yake ilikuwa chini, kuna mtoto wa miezi tisa, na mimi ambaye sina kitu ila napenda kula. Mwanzoni nilipika kila mtu na chake, sufuria nne, gesi ya mtungi mdogo inaisha kabla ya wakati, mkaa juu, saa mbili usiku bado nakoroga na mama wa watu anasubiri kula ili ameze dawa. Nilivumilia kama mwezi hivi nikachoka kabisa. Ndo nikakaa chini nikaangalia hivyo vyakula vinne vinatofautiana wapi, nikakuta vyote ni maharage yale yale na mboga zile zile, tofauti ni chumvi, mafuta, pilipili na ukubwa wa ugali. Basi.

Kabla hujaendelea: kama nyumbani kuna mtu kaambiwa figo zimechoka, mwongozo huu usimpikie. Maharage, ndizi, viazi, parachichi, mboga za majani, vyote hivi ninavyovisifu hapa vina potasiamu nyingi na mwenye figo anaweza kukatazwa baadhi yake. Huyo mwende naye kliniki mkae na mtu wa lishe mpewe orodha yake.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Sufuria mbili zenye mifuniko inayobana, moja kubwa ya maharage. Ukiwa na presha kuka ni bora zaidi, kwa huku kwetu nitakwambia kwanini.
- Vibakuli vitatu vyenye vifuniko na hotpoti moja.
- Kijiko cha chai na kijiko cha chakula vya kupimia. Mkono hauaminiki, mkono wangu mimi ulikuwa unaweka chumvi mara tatu ya ninayodhani.
- Sahani za kawaida, zile sinia ndogo achana nazo.
- Maharage mapya, unga wa dona, mboga za majani mafungu mawili au matatu, nyanya, vitunguu, karoti, hoho, kitunguu swaumu, tangawizi, giligilani, ndimu, parachichi, mafuta ya alizeti, chumvi yenye madini joto.
- Karatasi na peni, ubandike ukutani.

Vyote hivi unapata soko la Mwanjelwa au la SIDO kwa mzunguko mmoja, na watu wa Tukuyu nyie ndizi na parachichi mnavyo nyuma ya nyumba, sitaki kusikia mnalalamika. Vitu vya kuacha sokoni: magadi, vile vidonge na unga wa kukolezea mchuzi (ukisoma kwenye pakti cha kwanza kabisa mara nyingi ni chumvi), na chochote kilichoandikwa "kwa wagonjwa wa sukari" kinachouzwa bei mara mbili.

HATUA KWA HATUA

1. Andika kila mtu kaambiwa nini, na nani kamwambia.

Hii hatua watu wanairuka halafu ndo inawatesa. Chora mstari katikati ya karatasi, kushoto andika alichoambiwa na daktari au nesi, kulia alichoambiwa na jirani, na shangazi, na yule muuza dawa wa stendi. Utashangaa upande wa kulia ulivyojaa. Mama mkwe wangu alikuwa amekatazwa na watu matunda yote, maharage, nyanya, karoti "kwa sababu ni tamu", na akaruhusiwa asali. Kliniki hakuna aliyemwambia hata kimoja cha hivyo. Sisi tunapika kwa kufuata upande wa kushoto.

Kwa wengi itakuja hivi: mwenye sukari, punguza wanga na toa kabisa sukari ya kuongeza. Mwenye presha, punguza chumvi. Mwenye vidonda, asikae na njaa muda mrefu na aache kile kinachomuwasha yeye mwenyewe, kwa mume wangu ni pilipili na ndimu, kwa mwingine kitakuwa kingine. Mjamzito, chakula chenye madini ya chuma na vile vidonge vya damu vya kliniki asiviache. Mtoto wa chini ya mwaka, hana chumvi, hana sukari, hana asali.

2. Loweka maharage usiku.

Nusu kilo inatosha watano kwa milo miwili. Chambua mawe, osha, mimina maji mengi (yazidi maharage mara tatu), funika, nenda kalale. Asubuhi yamwage hayo maji na uoshe tena, usipikie. Wale mnaolalamika maharage yanajaza gesi tumboni, sehemu kubwa ya dawa ni hapo kwenye kumwaga maji.

Sasa kuhusu kuiva. Mtu wa Dar akikwambia maharage yake yanaiva saa moja usimbishie, kwake ni kweli. Sisi Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, kwaiyo unaona sufuria inatokota vizuri tu lakini joto lenyewe ni dogo. Njombe na huko Makete ni zaidi. Ndo maana nikasema presha kuka, ile inabana mvuke na joto linapanda, maharage yaliyolowekwa yanaiva kama dakika 25. Bila presha kuka jipange saa moja na nusu mpaka mbili, na maharage ya msimu uliopita yanaweza kukufikisha tatu. Ukinunua muulize muuzaji ni ya lini, na kama ni mkweli atakwambia. Yaliyokunjamana ngozi na rangi imefifia, waachie.

3. Chemsha chukuchuku.

Weka maharage, maji mapya, kitunguu kimoja kizima kilichomenywa, kipande cha tangawizi, karoti moja iliyokatwa. Hakuna chumvi. Hakuna mafuta. Dakika kumi na tano za kwanza acha moto mkali yachemke kwa nguvu kweli kweli, maana maharage hasa yale mekundu yana sumu yake ya asili inayokufa kwa kuchemka na sio kwa kupashwa moto wa pole pole. Baada ya hapo punguza moto, funika, ukiongeza maji ongeza ya moto.

Na hakuna magadi. Najua. Kwa hii baridi yetu na maharage yanavyogoma, magadi ndo mkombozi wa kila jiko, mama yangu alitumia, bibi yangu alitumia. Mimi nilitumia mwaka mzima huku nikijisifu kwamba mama mkwe simpi chumvi, na presha yake kila tukienda kupima iko pale pale. Nesi mmoja mtu mzima akaniuliza bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye daftari, "magadi unaweka?" Nikasema kidogo tu. Akasema magadi na chumvi wote wana sodiamu, na hiyo sodiamu ndo inayopandisha presha. Nilijisikia mjinga mpaka nyumbani. Presha yake haikushuka kwa siku moja, ila tulipoacha magadi na akawa anameza dawa kila siku bila kuruka, namba zikaanza kuja chini. Kwenye mlenda na kisamvu pia ni hivyo hivyo, acha.

4. Toa ya mtoto kwanza.

Maharage yakiiva yakawa yanapondeka kwa vidole viwili, chota upawa mmoja na nusu na supu yake uweke kibakuli cha kwanza. Hiki ni cha mtoto. Ponda kwa mwiko, pitisha kwenye chujio kutoa maganda, changanya na kipande cha kiazi au ndizi iliyochemshwa na kijiko cha parachichi. Kiwe kizito, ukiinamisha kijiko kisimwagike kama maji. Watu wengi wanamjaza mtoto uji mwepesi tumbo linajaa maji halafu wanashangaa haongezeki kilo. Miezi tisa anakula mara tatu au nne kwa siku na ziwa lipo pale pale.

5. Yaunge maharage bila chumvi.

Sufuria nyingine, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, hivyo viwili ni vya watu wote. Kitunguu kikilainika weka swaumu, karoti, hoho, halafu nyanya nyingi kuliko ulivyozoea, kama nne kubwa, funika ziive mpaka zitengane ziwe rojo zito. Hapo ndo ladha inatengenezwa, usiharakishe, nyanya mbichi mbichi ndo inafanya mtu akimbilie chumvi. Mimina maharage, acha yachemke dakika kumi, ponda machache pembeni ya sufuria mchuzi ushikane, tupia giligilani.

Ukitaka nazi weka, ila tui lina mafuta mengi kwaiyo siku ya nazi yale mafuta ya kijiko yaache kabisa.

6. Toa ya mwenye presha, halafu ndo chumvi.

Kibakuli cha pili ni cha mama mkwe, bila chumvi kabisa. Kamulia ndimu nusu na pilipili manga kidogo. Ndimu inadanganya ulimi vizuri sana, jaribu mwenyewe uone. Kilichobaki kwenye sufuria weka chumvi nusu kijiko cha chai, kijiko kilichosawazishwa sio kilichojaa kilima. Inatosha watu watatu kwa mlo mmoja, kwa sababu mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 5 kwa siku nzima na hizo ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu mkate, andazi, na kila alichokula huko nje.

Unataka kujua nyumba yako inakula chumvi kiasi gani? Chukua pakti mpya ya gramu 500, andika tarehe juu yake kwa peni siku unayoifungua. Gramu 500 ukigawa kwa 5 ni siku 100 za mtu mmoja, kwaiyo watu wazima wanne pakti inatakiwa ifike siku 25. Kwangu mara ya kwanza ilifika 11. Kumi na moja jamani.

7. Mboga za majani.

Hapa usiwe bahili. Majani ya maboga, mnafu, chinese, figiri, mchicha, sukuma wiki, chochote kilicho fresh siku hiyo. Osha kwanza ndo ukate, ukikata kwanza ukaosha virutubisho vinaenda na maji. Majani ya maboga menya nyuzi vizuri la sivyo watu watatafuna mpaka kesho. Kitunguu, nyanya, mafuta kijiko kimoja cha chakula, mboga juu, funika dakika tano hadi saba, zima moto zikiwa bado kijani. Mnafu unataka zaidi kidogo kwa ule uchungu wake. Chumvi sio lazima, kwangu naweka kidogo mezani kwa anayetaka na mama mkwe hawezi kuifikia, namwekea mbali makusudi.

Ukitaka karanga, nunua nzima, chambua moja moja na tupa zenye ukungu, zilizokunjamana au zilizobadilika rangi, usizisagishe ukisema moto utaua. Ile sumu ya kuvu, sumukuvu, haifi kwa kupika. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu, na karanga nazo ni ndugu zake kwenye hili.

Kwa mjamzito, sahani yake naongeza usipa wa Kyela waliooshwa vizuri kwa maji ya moto mchanga ukatoka, nakamulia ndimu juu ya mboga, na chungwa baada ya kula. Madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga hayaingii mwilini kirahisi, vitamini C inayasaidia kuingia. Na chai inayazuia! Sisi watu wa Rungwe chai tumezaliwa nayo na mdogo wangu alikuwa anashushia kila mlo kikombe kikubwa cha rangi. Tumehamisha chai iwe kama saa moja au zaidi baada ya chakula, alinuna wiki nzima, sasa kazoea.

8. Wanga kwa kipimo cha ngumi.

Ugali wa dona ninasonga wa watu wote. Mahindi unasaga machache machache, dona lina kiini ndani na mafuta yake, likikaa mwezi linaanza uchungu.

Mama mkwe anapata ugali ukubwa wa ngumi yake. Yake, sio ya mwanae aliyekuwa mbeba mizigo. Wengine wanakula wanavyofanya kazi.

Halafu sikiliza hapa, hili ndo swali naloulizwa kuliko yote. "Dona si halipandishi sukari?" Linapandisha. Ulezi unapandisha. Mtama unapandisha, muhogo, viazi, magimbi, mchele wa Kyela, mchele wa Mbarali, vyote ni wanga na wanga wote tumboni unaishia kuwa sukari. Dona na ulezi vina makapi, nyuzinyuzi, kwaiyo sukari inapanda taratibu kuliko sembe jeupe, hiyo ndo faida, lakini mlima wa dona unamshinda mlima mdogo wa sembe bila shida yoyote. Nimeona mtu kaacha wali akahamia ugali wa ulezi sahani mbili, anapima sukari anakuta 15, iko juu, anasema mashine mbovu.

Ndizi za Tukuyu pia. Mbichi za kupika sawa, mbili au tatu kulingana na ukubwa, na siku hiyo hakuna ugali pembeni. Ndizi ikishaiva ikawa ya njano ni habari nyingine, sukari imeongezeka humo humo. Na viazi mviringo sio mboga! Ukipika viazi na nyama halafu ukala na wali, umekula wanga kwa wanga.

9. Pakua wewe mwenyewe.

Usiweke bakuli katikati kila mtu ajihudumie, angalau mwezi wa kwanza. Sahani ya mwenye sukari: nusu nzima ni mboga za majani na kachumbari, robo ni maharage au samaki au nyama isiyo na mafuta ukubwa wa kiganja, robo ni wanga. Anza na mboga, ugali uje mwisho kwenye sahani, ukianza na ugali utajikuta umejaza. Parachichi vipande viwili vitatu juu. Tunda moja baada ya chakula, lile zima la kutafuna, juisi hapana hata ya kukamua nyumbani bila sukari, maana glasi moja ni machungwa matatu manne bila makapi yake.

Mume wangu anapata kile kile, hakuna pilipili, hakuna ndimu, na sa nne asubuhi anabeba kiazi kitamu au ndizi ya kuchemsha asikae na njaa. Watu walimwambia anywe maziwa kila akiumwa. Yanatuliza kidogo halafu asidi inarudi. Kilichomsaidia ni kupimwa wale bakteria wa tumboni, kumaliza dozi yote, na kuacha zile dawa za maumivu alizokuwa anameza kama karanga kwa ajili ya mgongo. Mimi nilimpikia tu.

MAKOSA NILIYOFANYA MIMI, WEWE YARUKE

Kosa kubwa kuliko magadi ni hili. Wiki ya kwanza mama mkwe alipoanza dawa za sukari nikasema sasa mi naikomesha, nikamtolea ugali wote, mboga tupu na maharage vijiko viwili, usiku nikampa supu. Saa nane usiku nasikia ananiita sauti ya ajabu, naenda namkuta anatetemeka, nguo imelowa jasho na ile baridi yetu ya mwezi wa saba, anaongea maneno hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka, sio imepanda. Dawa ilikuwa inafanya kazi ya kushusha na mi sijaweka kitu cha kushushwa. Bahati jirani yetu kwenye fensi ni mtu wa zahanati, akaja na koti juu ya kanga, akakoroga sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji nusu glasi, akanywa, tukasubiri dakika 15 tukapima tena, akapewa kipande cha mkate. Kama angekuwa hajitambui huruhusiwi kumnywesha kitu atapaliwa, ni kukimbiza hospitali hapo hapo.

Kwaiyo mtu anayechoma insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari, wanga usimkatie ghafla na asiruke mlo. Ukitaka kumpunguzia chakula mwambie daktari aangalie na dozi. Sukari ya mezani tuliyoifukuza jikoni, pakiti moja ndogo inakaa kwenye droo ya kitanda chake mpaka leo.

Kosa la pili ni unga wa lishe. Ulezi, mahindi, mchele, soya, karanga, ngano, mtama, dagaa, vyote vimesagwa pamoja pakti moja na picha ya mtoto mnene. Shida ni kwamba kila kitu humo kina muda wake wa kuiva, soya haijaiva uji umeshaiva, karanga zinaharibu unga haraka, na ikiwepo moja yenye kuvu imechafua pakti nzima hujui. Siku hizi mtoto napika uji wa nafaka moja, ulezi au mahindi, karanga nimezikaanga na kuzisaga mwenyewe nazitia wakati wa kupika, au maziwa. Na karanga nzima nzima mtoto mdogo usimpe, zinapalia.

Asali kwa mwenye sukari ni sukari. Asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni hatari, kuna vimelea vinaweza kumlegeza mwili mzima. Hata iwe ya msitu gani.

UKIKWAMA

Maharage hayaivi kabisa. Ni ya zamani, au uliweka nyanya au ndimu mapema, vitu vyenye uchachu vinayafanya yagome. Vyote hivyo viingie maharage yakishalainika. Ukiona saa tatu zimepita bado yanagonga kama changarawe, yaponde uyapike kama supu nzito, wala hakuna atakayejua, na mwezi ujao badilisha muuzaji.

Wanasema chakula hakina ladha. Watasema. Usitoe chumvi yote siku moja kwa wasio wagonjwa, punguza robo kila wiki, ulimi unazoea ndani ya wiki chache halafu wakila kwa watu watarudi wanalalamika kwamba kule wamejaza chumvi. Zidisha swaumu, tangawizi, nyanya iliyokaangika vizuri, hoho ya kuchoma juu ya mkaa.

Sukari bado inapanda na napima sahani vizuri. Angalia katikati ya milo. Chai ya saa nne na maandazi, soda kwa jirani, togwa. Mama mkwe wangu tuligundua ni miwa, alikuwa anainunua kwa mtoto anayepita na toroli, anakulia nyuma ya choo. Kama hamna kitu kama hicho basi rudi kliniki, inawezekana dawa ndo inatakiwa kubadilishwa na sio chakula.

Mgonjwa anajisikia ametengwa. Hili ndo zuri la sufuria moja, ila ukilipeleka vibaya bado linauma. Usimpe bakuli lenye rangi yake. Mpakulie na wengine, meza moja, na wewe kula kama yeye angalau ndimu na pilipili manga.

Nimechelewa, sina muda wa kupika. Maharage ya chukuchuku yanakaa friji siku tatu. Kama huna friji, Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba ni friji yenyewe kidogo, lakini usiamini sana, chemsha upya asubuhi na jioni kwa nguvu na kesho yake yaishe.

Kuna msiba au harusi. Pilau la shughuli lina chumvi na mafuta na huwezi kumwambia mpishi mwenye sufuria la debe akutolee kabla hajaunga. Anakula kidogo pilau, ukubwa wa ngumi ile ile, kachumbari nyingi, nyama bila mchuzi. Na mi huwa natia kile kibakuli cha pili kwenye mkoba, kimefungwa kwenye kitenge, namsogezea chini chini wakati wengine wanasubiri kunawa. Mara ya kwanza alikasirika, akasema namwaibisha. Juzi msibani Tukuyu aliniuliza mwenyewe kabla hatujapanda gari, "kile kibakuli umekumbuka?"